Dai la chini ya milioni moja: wakili wa nini?

#1 Mzee wa Faili
Hamjambo wote. Nasema hivi na niko tayari kupingwa: mkazi wa Nairobi anayedai pesa zisizozidi shilingi milioni 1 hahitaji wakili. Mahakama ya Madai Madogo iliundwa na sheria ya 2016, ikafunguliwa Milimani Aprili 2021, kwa ajili ya mtu huyo. Kesi yatakiwa iishe siku 60 tangu ifunguliwe, na baada ya kusikizwa hukumu itoke ndani ya siku 3. Unajaza taarifa ya madai, unaambatisha ushahidi, unalipa ada, unafika. Sasa mtu anadai elfu 90, analipa wakili elfu 40. Kwa nini? Semeni wapi wakili ni lazima na wapi ni kupoteza pesa.

#2 Kijana wa Umoja
Milioni umeitoa wapi? Sheria hiyo inasema laki 2.

#3 Bi Kanuni
@Kijana wa Umoja, umesoma toleo la zamani. Ilikuwa laki 2 mwaka 2016, ikapandishwa hadi milioni 1 na marekebisho ya 2020. Ila Mzee naye amesahau nusu ya habari. Si kila dai la chini ya milioni linaingia pale. Yanayoingia ni ya mauzo ya bidhaa na huduma, pesa ulizompa mtu akazishika, mali yako iliyoharibiwa, kurudishiwa kitu kinachohamishika na fidia ya majeraha. Kazi na ajira haziingii. Umiliki wa ardhi hauingii, kuchafuliwa jina hakuingii. Na deni la milioni 1.6 huwezi kulikata vipande viwili ili vyote vipite mlangoni.

#4 Karani Macho Manne
Naunga mkono #1 kwa sharti moja: umjue unayemshtaki. Hapa ndipo wasio na mawakili wanapoanguka, na wanaanguka kabla mwamuzi hajasoma ukurasa wa pili.

Umenunua mabati kwenye duka lenye bango "Baraka Hardware" (jina la mfano tu). Unamshtaki "Baraka Hardware". Bango halishtakiwi. Kama ni jina la biashara lililosajiliwa, mdaiwa ni mtu mwenyewe, na unaandika jina lake kisha "anayefanya biashara kwa jina la Baraka Hardware". Kama ni kampuni, unaishtaki kampuni kwa jina lake kamili hadi neno la mwisho, si mkurugenzi aliyekupokea chai. Utajuaje? Omba CR12 (hati ya taarifa za kampuni) kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Inaonyesha wakurugenzi, wenye hisa na anwani iliyosajiliwa. Kwa jina la biashara kuna upekuzi wake palepale. Halafu linganisha na jina lililotokea kwenye ujumbe wa M-Pesa ulipolipa. Mara nyingi tili imesajiliwa kwa jina la mtu wa tatu kabisa, na huyo atakuja kusema "pesa zilinipitia tu". Kabla ya kuandika chochote, jua pesa ziliingia kwa nani na mapatano yalikuwa na nani.

#5 Mama Stakabadhi
Asante #4. Niongeze upande wa ushahidi, maana wengi hufika na simu mkononi wakidhani watamwonyesha mwamuzi WhatsApp.

Mazungumzo ya simu ni ushahidi wa kielektroniki. Yachapishe, na uyaambatanishe na cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Cheti hicho ni karatasi moja: nani alitoa nakala, kwa kifaa gani, simu ya aina gani, printa gani, na kwamba vifaa vilikuwa vikifanya kazi sawasawa. Unakitia sahihi wewe uliyechapisha. Bila hicho upande wa pili utasimama na kuomba karatasi zako zote ziondolewe.

Makosa mengine ya kila siku: skrinishoti zisizoonyesha nambari, ila jina ulilomhifadhia mtu ("Fundi Mwizi" halimtambulishi mtu yeyote), mazungumzo yaliyokatwa katikati, taarifa ya M-Pesa ya miezi sita isiyo na alama, ukitarajia mtu mwingine atafute mstari wako. Omba taarifa rasmi kutoka kwa kampuni ya simu, pigia mstari malipo yako, weka nambari ya kila ukurasa, kisha ndani ya taarifa yako ya shahidi useme "angalia ukurasa wa 7".

#6 Kijana wa Umoja
Nimekubali kusahihishwa. Swali: lugha je? Mtu akijieleza kwa Kiswahili anasikizwa?

#7 Bi Kanuni
Anasikizwa, na pale Kiswahili hakichukuliwi kama hisani. Hati zilizowasilishwa ndizo mara nyingi huwa kwa Kiingereza. Ukiwa na mapatano yaliyoandikwa kwa lugha ya mama, yatafsiriwe, na mfasiri aape kwamba tafsiri ni sahihi.

#8 Wakili Mtaani
Mimi ni wa upande mnaoupiga mawe, basi nisikieni. Kushinda kesi ni nusu ya safari. Hakuna karani atakayekupigia simu uje kuchukua pesa zako.

Baada ya hukumu unatoa amri ya mahakama, unaihudumia kwa mdaiwa (yaani unampelekea rasmi), halafu kama hajalipa unachagua njia. Kwanza, hati ya kushika mali: dalali wa mahakama mwenye leseni anakwenda kuorodhesha vitu, anaacha notisi, muda ukipita anachukua na kuuza. Lakini kifungu cha 44 cha Sheria ya Taratibu za Kesi za Madai kinalinda nguo, matandiko, vyombo vya kupikia na zana za kazi ya mdaiwa. Ukimtuma dalali kwenye chumba kimoja mtaa wa Pipeline atarudi na televisheni, na gharama zake huenda zikazidi televisheni. Pili, ukijua benki ya mdaiwa, unaomba amri benki itoe pesa zake moja kwa moja. Hii ndiyo njia kali kuliko zote dhidi ya mfanyabiashara, na ndiyo maana nasema piga picha hundi, ankara na nambari ya akaunti mapema wakati bado mnacheka pamoja. Tatu, aitwe aeleze kwa nini asifungwe jela ya madai. Kifungo hakizidi miezi 6, na mahakama haimfungi mtu kwa kuwa maskini. Lazima uonyeshe ana uwezo na anakwepa.

Je, haya yote bila wakili yanawezekana? Yanawezekana. Lakini ukikosea hatua, mdaiwa anapata wiki nne za kuhamisha mali.

#9 Mzee wa Faili
@Wakili Mtaani, asante kwa ukweli. Umenipa hoja yangu mwenyewe: kama mdaiwa hana kitu, wakili atakachoongeza ni bili ya pili.

#10 Wakili Mtaani
Kama hana kitu, usifungue kesi. Hilo pia ni ushauri wa kisheria, tena wa bei nafuu kuliko wote. Nenda kwa wakili saa moja, lipia ushauri tu, uambiwe "achana nayo". Wengi hawajui kwamba wakili si lazima umpe kesi nzima. Unaweza kumlipa asome mkataba, au aandike barua ya madai, basi.

#11 Dada Plot 14
Habari zenu. Dipositi ya nyumba. Mpangaji ametoka Kasarani, mwenye nyumba anasema amepaka rangi kwa hiyo hakuna kurudisha. Aende wapi? Nimesikia kuna mahakama ya wapangaji.

#12 Kijana wa Umoja
Baraza la kodi ya nyumba, halihitaji wakili kabisa.

#13 Bi Kanuni
Pole pole. Baraza linalosimamia nyumba za makazi kwa Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura 296, lina mamlaka juu ya nyumba ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho ni cha zamani sana na hakijaguswa. Niambie ni nyumba gani ya Kasarani ya 2,500. Bedsita yenyewe imeshakipita.

#14 Mama Stakabadhi
Basi ni Madai Madogo. Dipositi ni pesa za mpangaji zilizo mikononi mwa mwenye nyumba, na "pesa zilizopokewa na kushikiliwa" imo kwenye orodha ya #3.

#15 Wakili Mtaani
Hapo tunatofautiana. Upande wa pili atasimama aseme huu ni ugomvi wa upangaji, na upangaji ni haki juu ya ardhi, kwa hiyo mahakama hiyo haina mamlaka. Pingamizi hilo likikubaliwa, unaanza upya kwa hakimu.

#16 Mama Stakabadhi
Likikubaliwa. Mpangaji ameshatoka, funguo amerudisha, hadai nyumba wala chumba. Anachodai ni elfu 25 zake. Taarifa ya madai iandikwe hivyo tangu mstari wa kwanza: kiasi, tarehe ya kulipa, tarehe ya kukabidhi funguo, kifungu cha mkataba kinachosema itarudishwa. Usijaze hadithi za maji kukatika na mlinzi mkali. Ukizileta hizo ndipo unapoigeuza kesi kuwa ya upangaji.

#17 Karani Macho Manne
Kuhusu rangi: soma mkataba. Mikataba mingi ya Nairobi ina sentensi kwamba mpangaji ataacha nyumba ikiwa imepakwa rangi upya. Ukiwa ulitia sahihi, hoja inabaki ni kiasi gani cha rangi. Dai risiti ya fundi na ya rangi. Vyumba viwili haviwezi kula makopo kumi na mawili ya lita 20. Na kila anayehamia leo achukue video ya nyumba siku ya kuingia, aitume kwa mwenye nyumba kwa WhatsApp siku hiyohiyo ili tarehe ijishuhudie.

Notisi nayo: kama unalipa kila mwezi na mkataba hausemi lingine, notisi ni mwezi mmodi. Ukitoka bila notisi, dipositi inaliwa kihalali.

#18 Mwenye Kibanda River Road
Na duka? Nimepewa notisi ya siku 30 kwa mdomo.

#19 Bi Kanuni
Duka lina sheria yake, Sura 301. Kama hakuna mkataba wa maandishi, au upo lakini muda wake hauzidi miaka 5, upangaji wako unalindwa. Notisi lazima iwe ya maandishi, kwa fomu iliyowekwa na sheria, isiyopungua miezi 2, na itaje sababu. Ya mdomo haina nguvu. Ikija iliyo sahihi, mjibu mwenye jengo kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja kwamba hukubali, na upeleke shauri kwenye Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla tarehe ya notisi haijafika. Ukinyamaza, notisi inakamilika. Hapa watu hupoteza maduka kwa kukaa kimya kuliko kwa kukosa wakili.

Ila kama umeweka bidhaa za mamilioni na umelipia "gudwili", tafuta wakili leo, kwa sababu amri ya kuzuia kufungiwa mlango inaombwa haraka na hati ya kiapo ikiandikwa vibaya inakataliwa.

#20 Fundi Chuma
Mnazungumza deni kana kwamba hakuna polisi. Mtu akila pesa yako unapiga ripoti kituoni, anapigiwa simu, analipa jioni.

#21 Wakili Mtaani
@Fundi Chuma, hiyo inafanya kazi hadi siku mtu anapojua haki zake. Deni la kawaida si jinai, na afisa anayemshika mtu ili alipe deni anajiweka pabaya yeye na wewe uliyemtuma. Jinai ipo pale mtu alipotoa hundi isiyo na pesa au alipojipatia mali kwa uongo tangu mwanzo: alikuuzia gari ambalo halikuwa lake, kwa mfano. Kushindwa kulipa baadaye ni jambo jingine.

Na kwa kuwa polisi wametajwa: hapo ndipo nasema wakili mapema. Ukikamatwa, Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kunyamaza, kuzungumza na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Saa hizo zikiishia nje ya saa za mahakama, inakuwa siku ya mahakama inayofuata, na ndiyo maana waliokamatwa Ijumaa jioni huonekana Jumatatu. Bondi ya polisi haina malipo. Dhamana ya pesa taslimu inatolewa risiti na inarudishwa. Bila risiti, hizo si dhamana. Andika nambari ya OB, daftari la matukio la kituo. Na usiandikishe taarifa ndefu usiku, umechoka, "ili uachiliwe upesi". Taarifa hiyo ndiyo utakayosomewa mwaka ujao.

#22 Dada Plot 14
Asanteni kwa ya dipositi, nimefikisha. Sasa yule aliyefutwa kazi ghalani Industrial Area? #3 alisema ajira haiingii Madai Madogo.

#23 Mtetezi wa Kibarua
Haiingii. Njia ni mbili. Afisa wa kazi, bila wakili na bila ada: malalamiko ya kufutwa yapelekwe ndani ya miezi 3. Au mahakamani ndani ya miaka 3 tangu kufutwa. Kama mshahara hauzidi elfu 80 kwa mwezi, mahakimu walioteuliwa wanaweza kusikiza. Zaidi ya hapo ni Mahakama ya Ajira. Hiyo miaka 3 haisimamishwi na mazungumzo. Mwajiri anaweza kukuambia "tunashughulikia" hadi siku moja baada ya muda kuisha.

Mwambie ahesabu vitu vinne kando kando: siku alizofanya bila kulipwa, notisi, ambayo kwa wa mwezi ni siku 28 kama mkataba hautoi zaidi, likizo ambayo hakwenda, siku 21 kwa mwaka, na fidia ya kufutwa isivyo haki, ambayo mwisho wake ni mishahara ya miezi 12 na mara nyingi hutolewa chini ya hapo. Aulize pia: je, aliitwa kusikizwa kabla ya kufutwa, akaambiwa kosa, akaruhusiwa kuja na mfanyakazi mwenzake? Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinadai hivyo hata kama aliiba kweli. Kama ni kupunguzwa wafanyakazi, ni siku 15 za malipo kwa kila mwaka uliokamilika. Malipo ya utumishi hayaendi kwa mwanachama wa NSSF, hilo wengi hulidai bure.

Wakili? Kama ni notisi na likizo tu, afisa wa kazi anatosha. Kama ni fidia ya mishahara 12, mtafute.

#24 Mzee wa Faili
Nakubali ya polisi na duka. Ardhi sijaigusa kwa sababu najua mtanipiga.

#25 Hati Safi
Tutakupiga kwa upendo. Ardhi ni wakili kuanzia siku ya kwanza, na awe wako, si "wakili wa kampuni" ambaye muuzaji anakuletea bila malipo. Huyo analinda mauzo.

Mapatano ya ardhi lazima yawe ya maandishi, yatiwe sahihi na pande zote na kushuhudiwa. Kabla ya kulipa hata shilingi: sachi rasmi (upekuzi wa umiliki) kwenye Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni, uone jina, rehani na zuio lolote, kitambulisho na PIN ya kodi ya muuzaji, ramani na mpimaji aende akakuonyeshe mawe ya mipaka. Jirani aulizwe. Muuzaji akiwa na mke au mume, idhini yake ya maandishi. Kama ni shamba la kilimo Kajiado au Kiambu, idhini ya bodi ya ardhi iombwe ndani ya miezi 6 tangu mapatano, la sivyo mapatano yanakuwa si kitu. Dipositi ya kawaida ni asilimia 10, na ikae kwenye akaunti ya wateja ya wakili, siyo mfukoni mwa muuzaji. Halafu cheti cha kodi ya kaunti, cha kodi ya ardhi ya serikali kama ni ya kukodishwa, ushuru wa stempu asilimia 4 mjini na 2 mashambani. Muuzaji naye ana kodi ya faida, asilimia 15 tangu Januari 2023.

Na hata sachi safi haitoshi siku hizi. Mahakama ya Juu Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management, ilisema hati iliyotokana na ugawaji mbovu haimwokoi mnunuzi wa mwisho hata akiwa mwaminifu. Septemba mwaka huohuo, katika kesi ya Torino iliyohusu ardhi ya Embakasi, ikasema barua ya ugawaji siyo hati miliki. Kwa hiyo faili ifuatwe nyuma hadi chanzo. Kazi hiyo mtu wa kawaida haiwezi kwa simu yake.

#26 Fundi Chuma
Bei yake je? Maana hapo ndipo tunakimbilia dalali.

#27 Hati Safi
Ada ya uhamisho ina kipimo cha serikali: asilimia 2 kwa milioni 5 za kwanza, na si chini ya elfu 35, pamoja na VAT. Wakili haruhusiwi kisheria kutoza chini ya kipimo. Anayekuambia "elfu 8 namaliza", jiulize kama ni wakili.

#28 Karani Macho Manne
Kuhakikisha ni dakika mbili. Tovuti ya Chama cha Mawakili ina sehemu ya kutafuta jina. Uone kama ana cheti cha mwaka huu, kwa sababu cheti hufa kila Desemba 31. Jina likifanana, linganisha nambari yake ya usajili wa uwakili (P.105) na sura. Mwaka 2023 nchi nzima ilishuhudia suala la mtu kutumia jina la wakili mwingine. Omba barua ya makubaliano ya ada iliyotiwa sahihi, na risiti ya kila malipo. Na mapatano ya "utanilipa tukishinda tu" hayakubaliki katika Sheria ya Mawakili, kwa hiyo usiyategemee. Akikutoza kupita kiasi, bili yake inaweza kupelekwa kwa naibu msajili aipime. Akikaa na pesa zako, Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili inapokea lalamiko bila ada.

#29 Kijana wa Umoja
Na asiye na pesa kabisa?

#30 Mtetezi wa Kibarua
Kituo cha Sheria, FIDA kwa wanawake, na Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria. Nenda na karatasi zako zote, na tarehe ya mwisho imeandikwa juu ya bahasha.

Aliyesumbuliwa na mikopo ya simu, wanaopigia jamaa zake wote, asiende mahakamani kwanza. Alalamike kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ni bure, na sheria inampa siku 90 kuamua. Ahifadhi rekodi za simu na majina ya waliopigiwa.

#31 Bi Kanuni
Turudi kidogo #1. Zile siku 60: zikipita bila hukumu, je? Majaji wa Mahakama Kuu wamegawanyika. Wengine wamesema mamlaka yamekwisha na hukumu ni batili, wengine wamesema hukumu inasimama. Kwa mdai asiye na wakili hii ni hatari, maana upande wa pili anaweza kuchelewesha makusudi halafu akate rufaa kwa hoja hiyo.

#32 Mama Stakabadhi
Ndiyo maana huduma ya hati ifanyike siku ileile kesi inapofunguliwa. Kila siku unayochelewa kumpata mdaiwa inakatwa kwenye 60 zako.

#33 Wakili Mtaani
Au umpe mtu anayejua njia.

#34 Mzee wa Faili
Mhudumu wa hati aliyeidhinishwa anajua njia, na si lazima awe wakili. Bado nasimama na elfu 90 zangu. Ila niulize: barua ya madai ya mtu binafsi ina uzito?

#35 Karani Macho Manne
Ina uzito ikiwa na mambo haya: jina kamili la mdaiwa kama lilivyo kwenye CR12, kiasi hadi senti, tarehe na sababu ya deni, siku 14 za kulipa zikitajwa kwa tarehe yenyewe, na nambari ya kulipia. Usitishe polisi, usitukane. Barua hiyo mwamuzi ataisoma. Itume kwa njia mbili, mkononi na WhatsApp. Nakala ya mkononi igongwe muhuri wa kupokea, na wakikataa kugonga, andika nyuma jina la aliyekataa, tarehe na saa.

#36 Dada Plot 14
Mwenye nyumba wa Kasarani hana muhuri. Aandike tu jina lake na saa?

#37 Karani Macho Manne
Ndiyo. Na picha ya mlango wenye nambari ya nyumba.